Mikono ya Mafuta Haikuwa Yangu

Ndugu wasomaji, kosa ni langu, lakini sitalibeba peke yangu. Mama Fifi wa duka la simu alinisukuma, na Pasteur Jérémie wa kanisa letu akanimalizia. Nawataja kwa sababu wao hawataandika. Jina langu mimi naliacha.

Mimi ni mjane, nina saluni, nilifika darasa la nne. Nimepanga flat huku South Beach, Durban, na ninapangisha vyumba, kama wengi wetu wakimbizi. Chumba kimoja alikaa Baraka, Mkenya, mtunga mashairi. Ndiye mhariri wa gazeti hili mnalosoma.

Jioni nikipika nilikuwa namsimulia mambo yangu, naye anacheka, anasema, "Mama, hayo maneno usiyatupe." Marehemu mume wangu aliniambia ninyamaze. Huyu aliniambia nisitupe.

Na mimi nilimsokota rasta zake bure. Halafu akatoa shairi gazetini:

"Mikono yako ya mafuta ipite kichwani mwangu,
ninuke wewe mpaka Jumapili irudi."

Kusoma kwangu ni kwa taabu, nikampa Mama Fifi simu anisomee. Akasoma, akanitazama toka juu mpaka chini.

"Dada, iko wewe."

"Mimi? Si mtoto huyu?"

"Mtoto na ndevu? Nani mwingine hapa Durban iko na mikono ya mafuta na anashika kichwa yake? Onyesha mikono."

Nikaonyesha. Ilikuwa inang'aa.

Mnakijua Kiswahili chetu. Hakisemi mpenzi ni mwanaume ao mwanamke. Kinasema "wewe", kazi inayobaki kinakuachia. Mimi nikaifanya kazi yote. Nikaacha chapati za usiku. Nikashonesha kitenge. Nikawa namwekea Baraka kipande kikubwa cha nyama, naye maskini anasema tu, "Asante, mama." Mama Fifi akasema hiyo "mama" ni ya kuficha.

Siku ya kuzindua kitabu chake nilikaa mbele kabisa na wamama wa kwaya. Baraka akasoma shairi lile. Kisha akasema, "Mwenye mikono hii yuko humu ndani. Leo namwomba asimame."

Nikasimama.

Nyuma, karibu na mlango, akasimama mtu mwingine. Themba, fundi wa magari, Mzulu mrefu mwenye kipara, overoli ingali na mafuta ya injini. Kila Jumapili alikuja kwetu, mimi nikidhani ni rafiki wa mpira.

Tukatazamana.

"Eish," akasema Themba, akanisalimia kwa Kizulu, kwa adabu. "Sawubona, mama."

Baraka angeweza kuniacha nianguke. Akasema, "Kichwa changu kina mafundi wawili. Huyu mama anasokota nywele, yule anasokota akili. Wapigieni makofi." Ukumbi ukapiga makofi. Wamama wa kwaya wakapiga na vigelegele, hawakuelewa kitu. Alirekebisha kosa langu pale pale, kama anavyorekebisha herufi za watu.

Na mimi nikamlipa nini? Nilikwenda kwa Pasteur Jérémie, nikamwambia yote isipokuwa kwamba nilisimama. Pasteur akasema nyumba yangu italaaniwa, nimtoe. Nikatoa mabegi ya Baraka kwenye korido. Nikamtangaza kwa majirani mpaka kwa mlinzi wa chini. Watu wakamtukana kwenye lifti.

Alipofika aliyatazama mabegi, akaniuliza taratibu, "Mama, ni kwa sababu ya Themba, ama ni kwa sababu ya kusimama?"

Nikafunga mlango.

Mimi niliyetoka Uvira na mtoto mgongoni. Mimi ambaye vitu vyangu vilitupwa barabarani kule Chatsworth, hapa hapa Durban, na watu waliotaka wageni tuondoke. Begi lililotolewa nje nalijua linavyouma. Hili nililifunga zipu mwenyewe.

Sasa chumba kile kina mpangaji anayepiga miluzi. Jikoni naongea na sufuria. Pasteur amehamia Cape Town bila kuaga. Mama Fifi anasema, "Mimi nilisoma tu simu."

Nasikia Baraka na Themba wanakaa mtaa wa Bluff, na kitabu kinasomwa. Basi wewe mhariri, ungamo hili utalijua bila jina, kwa makosa ya herufi tu. Yaache. Uliniuliza swali na nikafunga mlango, jibu ni hili: haikuwa Themba. Ilikuwa kusimama. Nisamehe, mwanangu.

Halafu nimeona picha yako gazetini. Nani anakusokota hizo rasta? Amekuharibu. Jumamosi saluni iko wazi. Mlete na Themba anywe chai, ingawa kichwa chake hakinipi kazi.

Na ninyi wengine, mkisikia shairi tamu, kaeni chini mpaka mtajwe jina.