Eucabeth na Silabi za "Parlent"

Mwaka wa 1966, mwanamke mmoja wa Malaba, kule mpakani, alinyimwa kazi kwa sababu alitamka Kifaransa sawasawa.

Usibishe. Ngoja.

Eucabeth alikuwa bibi wa kwanza wa Bwire. Alikulia Congo, baba yake akifanya kazi migodini, na Kifaransa kilimtoka kama maji. Zilpa, bibi wa pili, alikuwa amekisoma kidogo tu kwa masista.

Hawa wawili hawakusalimiana.

Basi kampuni moja ya kutoa mizigo forodhani ikatafuta karani wa kuongea na madereva wa Congo. Wote wawili wakaitaka hiyo kazi.

Bwire akamwambia Eucabeth, "Mfundishe mwenzako. Yeyote akipata, ni heri ya hii boma."

Eucabeth akameza hasira. Akaandika: ils parlent, wanaongea. Wenye lugha husema "il parl" tu. Parlent ni silabi moja. Ile -ent ya mwisho huandikwa, haitamkwi.

"Kata hivi," akamwambia Zilpa. "Par-le-nti. Silabi tatu. Usiache hata herufi moja."

"Par-le-nti," Zilpa akarudia, mpole kama kondoo.

Eucabeth akageukia ukuta, akacheka kimoyomoyo.

Siku ya kujaribiwa, meneja, mzee Omagor, akawaita pamoja. Akawaonyesha neno lilo hilo.

"Il parl," Eucabeth akasema.

Omagor akavua miwani. "Mama, na hizi herufi zingine umepeleka wapi?"

"Hazitamkwi, mzee."

"Sasa ziliandikwa za nini? Wewe, soma."

"Par-le-nti," Zilpa akasema.

"Huyu sasa amesoma."

Damu ikampanda Eucabeth kichwani. "Mzee, hiyo ni makosa."

"Nani alikufundisha?" Omagor akamuuliza Zilpa.

"Ni yeye, mzee."

Bwire, aliyewasindikiza, alikuwa mlangoni akimkazia macho bibi yake wa kwanza. Eucabeth aseme nini? Akieleza, amekiri roho mbaya. Akafunga mdomo, kazi ikaenda kwa Zilpa.

Nje Eucabeth akamfuata Zilpa. "Una bahati ya mjinga."

Zilpa hakusimama. "Masista walinifundisha -ent haitamkwi. Nilijua unanidanganya."

"Mbona basi ukasema?"

"Nilishamsikia Omagor akiongea na madereva. Yeye husema hivyo hivyo, wanamcheka, hajui kwa nini. Mimi nilikuja kutafuta kazi, sikuja kumsahihisha mzee wa watu."

Akaenda zake.

Ndugu yangu, ukimpa adui uongo, usidhani ameumeza. Huenda ameuweka tu, mpaka siku uongo huo utakapomfaa.