Mgongo Ulipasuliwa, Vidole Bado Vinauma

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Magdaline Watiri anachovya kipimo cha kioo ndani ya maziwa akikibana kwa viganja viwili, maana vidole vyake havikunjiki. Foleni ya wakulima wa Mweiga imefika barabarani, na karibu kila mkebe unakuja na swali lake.

"Mama Muriithi, bado tu na fimbo? Si ulipasuliwa?"

Hapa Magdaline huitwa kwa jina la mwanawe. Anasoma kipimo, anaandika, anausukuma mkebe kwa goti. "Ingine!"

Mwaka wa pili sasa analisikia swali hilo. Magdaline, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, amepima maziwa katika kituo hiki cha kukusanyia maziwa tangu 1984. Baridi yabisi ilimshika mwaka 1990, vidole kwanza, kisha magoti. Miaka kumi baadaye pingili mbili za kiuno ziliteleza zikabana mshipa wa fahamu, na mguu wa kushoto ukawa unawaka kama uliomwagiwa pilipili. Hakuweza tena kusimama hata kwa muda wa kupima mikebe mitano.

Majirani walimfanyia harambee. Agosti 2001 akapasuliwa Nairobi, pingili zikafungwa kwa skrubu.

Kidonda kiliota usaha. Akapasuliwa tena kisafishwe, na kikachukua wiki kumi na moja kufunga. Daktari alikuwa amemwonya mapema: mtu wa baridi yabisi mifupa yake ni laini, na kidonda chake huwa kizito kupona kuliko cha wagonjwa wengine wa mgongo. Na kwa kuwa vidonge vya viungo vilisimamishwa kwa muda ili kidonda kifunge, vidole vikavimba kuliko awali.

"Mguu uliacha kuuma. Kabisa! Natembea mwenyewe mpaka hapa," anasema. "Lakini mtu akiona vidole, anasema operesheni ilishindwa. Kwani nilipasuliwa vidole?"

Aliyemchosha zaidi ni Mzee Kahiga, aliyekuwa mwenyekiti wa harambee. Machi mwaka huu wa 2003 alipanga ibada ya shukrani kanisani, ili waliochanga waje wajionee. Jumamosi, siku moja kabla, akafika kwa Magdaline na ombi.

"Kesho fimbo uiache nyumbani. Siku moja tu. Watu wanataka kuona umepona."

"Mzee, nikianguka huko mbele, wataona nini?"

"Ati unataka waseme pesa yao ilipotea?"

Magdaline anakiri kwamba mzee alipoondoka alilia, kwa hasira na kwa aibu pia, maana watu hao walikuwa wamemtendea wema wa kweli.

Jumapili alikwenda na fimbo. Alisimama mbele, akawashukuru, kisha akawaambia waziwazi: "Mlinirudishia mguu, na nautumia kila siku. Hii ugonjwa ingine bado niko nayo, na haiponi. Tafadhali, msiniulize tena."

Kahiga alitoka kabla ya baraka. Wengine walinung'unika hadi langoni.

Jumatatu, foleni ilipokwisha, Ngendo, mke wa Kahiga, alibaki nyuma na mkebe mtupu. Akavua glavu zake za sufu. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba vikang'aa.

"Asubuhi nakamua kwa shida, vidole vimekaza," alinong'ona. "Mpaka saa tatu ndio vinafunguka."

"Tangu lini?"

"Miaka minne."

"Miaka minne! Na unalala nyumba moja na mwenyekiti!"

Magdaline anasimulia hayo akitikisa kichwa. Amekwisha kuzungumza na muuguzi wa kliniki ya viungo mjini Nyeri, na Alhamisi hii atampeleka Ngendo yeye mwenyewe, aanze dawa kabla ugonjwa haujafika mbali. Kwenye foleni amewaona wengine wawili wanaobeba mkebe kwa kiwiko na kujifanya wazima. Hao nao ana mpango nao.

"Nitawapeleka hata kwa kuwakokota," anasema. "Sitaki mtu mwingine hapa afike mahali nilifika ndio ajue."

Na Mzee Kahiga amekubali mkewe aende?

"Alikataa. Ati ng'ombe watakamuliwa na nani?" Magdaline anaufunga mkebe wa mwisho kwa kuukandamiza kwa kiwiko. "Nikamwambia, Mzee, wewe vidole vyako viko sawa. Alhamisi saa kumi na moja alfajiri nitakuwa hapo kwa lango kumchukua. Uamke."