Eda ya Mama na Foleni ya Benki

Baba alipofariki, mama alikaa eda nyumbani kwetu Tiwi: miezi minne na siku kumi, ndani, bila marashi wala hina. Simu ya baba ilipotelea matangani, katika ile ingia toka ya watu, na hatukuitafuta. Nani angetafuta simu siku ile?

Kumbe akaunti ya mama ilikuwa imeandikishwa kwa namba hiyo. Walipoifungua, mwenye simu nyumbani alikuwa baba peke yake. Wake wengi wa huku wamefanya hivyo hivyo. Kila mama alipotaka kutoa pesa zake za nazi, namba ya siri ilitumwa kwa baba, naye akamsomea. Sasa dawa zake za presha zilikuwa zinakwisha, na hakutaka kununuliwa na mtu. "Nina changu," alisema.

Nikaenda benki, Ukunda. Dada wa kaunta, mgeni kutoka bara, akaniambia, "Kubadilisha namba, lazima mwenye akaunti akuje mwenyewe." Nikamweleza habari ya eda. Akataka barua. Nikaleta ya imamu wa msikiti wetu. Akasema wanakubali ya hospitali au ya chifu. Chifu naye akasema mama haumwi, basi aandike nini? Nilikwenda mara tano. Subira huvuta heri, lakini pale ilivuta foleni tu. Mara ya kwanza nilikasirika. Ya tano sikuhisi kitu. Nilikaa kwenye kiti cha chuma nikahesabu vigae vya sakafu.

Dawa zikaisha. Mama akavaa buibui, akasema, "Asiyekuwapo na lake halipo. Twende." Imamu alikwishamwambia dharura inaruhusu, ila yeye alikuwa amenuia kuikamilisha eda yake bila kuvuka kizingiti.

Tulikaa tangu saa tatu hadi saa saba. Yule dada akapokea kitambulisho, akabonyezabonyeza kompyuta bila kuinua uso. "Namba ya siri imetumwa kwa simu ya zamani. Mpigieni mwenye simu awasomee."

Nilikuwa nimemwambia mara tano kwamba mwenye simu amekufa. Ya sita sikuwa na nguvu nayo. Mama, ambaye maisha yake yote huogopa kubishana na watu wa ofisini, akanigeukia.

"Mpigie baba yako, mwanangu."

Nilijua, na bado nikapiga. Ile sauti ya kike ikasema mteja hapatikani kwa sasa.

"Amesemaje?" mama akauliza.

"Hapatikani, mama."

Siku baba alipozikwa mama hakulia, na watu walimsifu. Alilia pale, mbele ya kaunta, na yule dada akamwita mtu anayefuata.