Aliyeshika Upande wa Pili wa Shuka

Kukunja shuka la hospitali ni kazi ya watu wawili, na anayebisha aje nimwoneshe. Ukilikunja peke yako litaburuzika sakafuni, ulirudishe kwenye maji, na msimamizi akuite majina ambayo mama yako hakukupa. Wawili mnasimama mkitazamana, kila mmoja na ncha zake. Mnavuta, mnakung'uta, mnasogeleana mpaka vidole vinagusana. Ni dansi kabisa, ila halina muziki wala wa kukutongoza.

Mama Foronya alilicheza dansi hilo miaka mingi na mwanamke mmoja tu, yule waliyemwita Kasuku kwa ajili ya mdomo wake. Jina la Foronya lenyewe alilipata siku ya kwanza kazini, alipojifunga foronya kichwani akidhani ndiyo kofia ya kazi, akashinda nayo. Wote waliona, wote kimya. Kasuku ndiye aliyemwambia, kashika mbavu kwa kucheka, na urafiki ukaanzia hapo.

Kisha pasi kubwa ya umeme ikaubana mkono wa kulia wa Mama Foronya, vidole viwili vikakauka kama vijiti. Pale asiyeweza kubeba mashuka mabichi hana kazi. Kasuku akawa anabeba ya wote wawili, na msimamizi akichungulia mlangoni, Kasuku hupaza sauti: "Leo zamu yangu! Jana si ulibeba wewe, mpaka nikakuonea huruma?" Kila siku ikawa zamu yake.

Sasa ndipo ubaya ulipoingia. Baada ya uchaguzi, nyumba za watu wa ng'ambo ya mto zilichomwa moto, watu wamo ndani. Redio ya chumba cha kufulia ilitangaza asubuhi, na Kasuku akakung'uta shuka kama anayefukuza kuku.

"Wamejitakia. Si walijifanya wajuaji wa kupiga kura? Wangemalizwa wote tupumzike."

"Hata watoto, shoga?"

"Watoto wanakua. Hebu vuta huko, shuka linalegea."

Wapiga pasi wakacheka. Mama Foronya akavuta.

Kasuku hakujua jambo moja: mkwe wa Mama Foronya, mke wa mwanawe wa pekee, alizaliwa huko huko ng'ambo. Binti alikuwa na mimba kubwa, wanaishi nyumba moja, na tangu uchaguzi walikubaliana asijue mtu.

Msimamizi alishawatangazia wote kwamba mwenye maneno ya uchochezi aripotiwe kwake, atafukuzwa siku hiyo hiyo. Haya, fanya uamuzi wewe unayejiona na akili. Akimripoti, Kasuku anakosa kazi, naye ana mume aliyepooza kitandani. Na yeye mwenyewe nani atambebea mashuka? Asiporipoti, atashinda akigusana vidole na mtu anayetaka mjukuu wake amalizwe kabla hajazaliwa.

Wakati wa chai alijaribu kusema naye.

"Shoga, yale maneno ya asubuhi yaache."

"Kumbe yamekuuma? Una bwana ng'ambo, Mama Foronya? Na magoti hayo!" Kasuku akacheka, akakata mkate wake, akamsogezea kipande kikubwa kama siku zote. "Mimi sina ugomvi na mtu, mwenzangu. Ila wale si watu."

Kile kipande hakukigusa. Mama Foronya akainuka, akaenda ofisini.

Msimamizi ni kijana mwenye kalamu tele mfukoni, moja tu ndiyo inayoandika. Akamsikiliza, asiandike hata neno.

"Mama, wewe inakuhusu nini? Una mtu huko?"

"Mwanangu, hayo ni maneno ya kuua."

"Nimekuuliza, una mtu?"

Na hapo, jamani, ukweli ukamponyoka. Alidhani kijana akisikia habari ya tumbo lenye mtoto, moyo utamlainika.

"Mkwe wangu. Anakaribia kujifungua. Niko naye nyumbani."

"Nyumbani wapi? Bado mnakaa nyuma ya kiwanda cha sabuni?"

Hakufoka. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Kisha akasema, "Kasuku hajachochea mtu, kasema yanayosemwa na watu wote. Rudi kazini, mama."

Ukuta wa ofisi ni wa mbao nyembamba. Kasuku alikuwa amesimama upande wa pili, shuka mkononi, macho mekundu.

"Umenitaja."

"Nimekutaja."

"Na mume wangu ungemlisha wewe?" Akashusha sauti. "Mkwe wako, kwa nini hukuniambia? Ningemficha hata uvunguni kwangu. Yule si kama wale."

"Ndio wale wale, shoga. Hakuna wengine."

Kasuku akageuza uso. Nje ya dirisha msimamizi alikuwa akitembea uani, simu sikioni, mkono mwingine ukionesha kule kwenye kiwanda cha sabuni.

"Usinitazame mimi," Kasuku akasema. "Nenda."

Mama Foronya aliondoka bila kubadili nguo za kazi. Alimkuta binti uani amekaa juu ya ndoo, anachambua mchele, tumbo limegusa sinia.

"Inuka, mwanangu, tuondoke. Wamejua."

Binti hakulia. Aliweka sinia chini polepole, mchele usimwagike.

"Nani katutaja, mama?"

"Mimi."

"Kwa nani?"

"Kwa msimamizi wangu."

"Ulitaka akusaidie nini?"

Mama Foronya akampita. Akaingia ndani, akapiga magoti, akaanza kuvuta begi chini ya kitanda kwa ule mkono mmoja unaoshika.