Kipande cha Waya Mahali pa Fyuzi

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kila pua yangu inapokutana na harufu ya waya unaoungua. Sasa kwa kuwa na wewe umeingia kwenye kazi hii ya umeme wa magari, na mnapima kwa kompyuta mambo ambayo sisi tulipima kwa balbu na kubahatisha, kaa nikusimulie. Si habari ya kujivunia.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi hapa hapa Tunduma, na maringo yangu hayakuenea mlangoni. Mzee Patrisi, aliyenifundisha kazi, alikuwa ameanza kuniachia gereji peke yangu. Akaja Mama Tabu, mwanamke aliyeleta mpunga kutoka Msangano kwa pikapu yake. Gari lilikuwa likizimika njiani, na kila lilipozimika, fyuzi ya mahali pale pale ilikuwa imeungua. Mwenye akili angetafuta kinachoiunguza. Mimi nilikata kipande kinene cha waya wa shaba, nikakichomeka mahali pa fyuzi, gari likawaka. Mafundi wengi wa barabara ile tulifanya hivyo, maana wenye magari wa mpakani wana haraka daima, nasi tulipenda kusifiwa kwa wepesi.

Siku tatu baadaye alirudi. "Fundi, halizimiki tena, lakini nikiwasha taa nasikia harufu." Nikafunua boneti, nikachungulia, nikafunga. Dalili ya mvua ni mawingu, nami niliyaona mawingu nikaenda kuanika nguo.

Aliporudi mara ya pili, mama mkwe wake alikuwa kwenye kiti cha mbele, anapelekwa hospitali kuangaliwa macho. Mama Tabu akasema harufu imezidi. Sikuinuka hata kwenye kigoda. Nikamwambia, "Mama, gari lako ni zee. Wazee wote wana harufu." Mafundi wenzangu wa jirani wakacheka. Yule bibi alinisikia. Mpaka leo naona aibu kulitamka neno hilo, na mzee sasa ni mimi.

Haikupita nusu saa, akaja mtu wa baiskeli anahema, akasema gari la Mama Tabu linawaka moto. Nilikimbia na spana mkononi, nisijue spana ya nini. Watu walikuwa wakitupa mchanga chini ya usukani, na Mama Tabu ameketi kando ya barabara. Mama mkwe wake alikuwa ametolewa akiwa hai, lakini kanga yake ilikuwa imeshika moto, naye akauzima kwa viganja vyake mwenyewe. Niliviona viganja vile.

Moto ulipozimwa, Mzee Patrisi alifika akafungua kisanduku cha fyuzi. Nyaya za gari zilikuwa zimeyeyuka zote. Kipande changu cha shaba kilikuwa kizima. Akakitoa, akanikabidhi.

"Fyuzi huungua ili mtu asiungue," alisema. "Wewe ukaiondoa. Na huyu mama amekuja mara mbili kukuambia. Ulitaka aje mara ngapi?"

Hakunipiga. Ningefurahi angenipiga.

Bibi aliporuhusiwa kutoka hospitali, Mzee Patrisi alinipeleka Msangano kuomba radhi. Unajua desturi yetu: mdogo huchuchumaa akapiga makofi taratibu, na mkubwa huitikia kwa makofi. Nikachuchumaa, nikapiga. Yule bibi akainua mikono yake iliyofungwa bandeji, akaikutanisha, isitoe sauti yoyote. Akaishusha tena.

"Nimekuitikia, mjukuu wangu," akasema. "Unisamehe, mikono haiwezi."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha. Nililia mbele za watu wa mji ule, na mpaka leo moyo wangu haujalizoea jambo hilo.

Basi shika hili. Mwenye gari akilalamika, msikilize, hata kama hajui fyuzi ni mdudu gani, maana anayesafiri na ubovu ni yeye, si wewe. Kitu kikiungua mara mbili, usishindane nacho, tafuta kinachokiunguza. Asiondoke na harufu ndani ya gari, hata akikufokea kwamba mpaka unafungwa. Na usione haya kusema, "Sijajua bado, liache hapa." Mficha maradhi kifo humuumbua, fundi akificha maradhi ya gari, anayeumbuka ni abiria asiye na kosa.

Mungu akupe masikio mapana na ulimi wa adabu, mwanangu. Aibariki mikono yako isimuumize mtu, na kila utakayemwashia gari afike kwake mzima, awapigie makofi waliomngoja.