Mama Simu na Kundi la Pili

Simu bado zinapigwa katika chumba namba tisa cha idara ya saikolojia, lakini sauti ya siku hizi inasoma karatasi na kukata. Hakuna kicheko kinachovuka ukuta. Kicheko kile kilikuwa cha Mama Simu, mjane, mchapaji wa zamani, mtu wa kupangusa kiti kabla ya kukikalia hata kama ni chake.

Profesa alikuwa na swali moja: mgonjwa wa huzuni akikumbushwa kwa simu, ndiyo atarudi kwa mshauri? Watu mia na ishirini wa kliniki ya chuo, iliyozoea kuwapigia wagonjwa wake, waligawanywa kwa kura. Sitini wapigiwe, sitini waachwe. Mpigaji alikuwa Mama Simu. Baada ya miezi minne, waliopigiwa walikuwa wamerudi arobaini na watano. Walioachwa, arobaini na watatu.

Profesa alipiga hesabu mara mbili.

"Hata kama simu hazina kazi yoyote," alisema, "bahati tupu ingeleta tofauti kama hii, au kubwa zaidi, mara sitini na nane katika mia. Hatuna ushahidi. Nitaiandikia kliniki iache kupiga."

"Iache kabisa?" Mama Simu aliuliza.

"Kabisa."

Mkataba wa Mama Simu wa mwaka mwingine ulikuwa mezani, haujatiwa saini. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Profesa, wale wa kundi la pili nao niliwapigia."

"Wangapi?"

"Wote. Nilianza na mmoja tu, siku ya kuandikishwa alikuwa analia. Halafu nikaona si vizuri kumpendelea."

"Mama! Si ulijua hawatakiwi kupigiwa?"

"Nilijua. Ndiyo maana niliwaomba wasimwambie mtu."

"Na hakuna aliyesema?"

"Hakuna. Watu waungwana sana, Profesa."

Mkataba ulirudi kwenye droo. Utafiti ulianza upya, kwa watu wengine mia na ishirini na mpigaji mwingine. Safari hii waliopigiwa walirudi arobaini na wanne; walioachwa, ishirini na tisa. Kama simu hazina kazi, bahati tupu ingeleta pengo la namna hiyo, au kubwa zaidi, mara tano hivi katika elfu. Kliniki ikaendelea kupiga. Ripoti ilisema jaribio la kwanza lilifutwa kwa sababu za kiutendaji.

Mama Simu sasa yuko masjala ya chuo hichohicho, ghorofa ya chini, anapanga mafaili ya waliohitimu.