Teke Lilikuwa Lake, Sauti Ilikuwa Yangu

Nakumbuka alasiri moja ya mnada, mwanangu, enzi zile Kitengela ilipokuwa bado barabara moja, maduka machache na mbuzi wengi kuliko watu. Nilikuwa nimelala chali vumbini mbele ya kibanda cha video cha mjomba wangu, macho nimeyafumba, ulimi umetoka nje kidogo, na umati ulionizunguka ulikuwa unapiga makofi. Hawakuwa wananipigia mimi. Walikuwa wanampigia rafiki yangu Lemayian, ambaye alikuwa ametoka kunipiga teke la kichwa. Mimi nilikuwa maiti, na maiti hapigiwi makofi.

Wacha nianzie nyuma kidogo. Watu wetu walitoka upande wa Garissa wakifuata biashara ya mifugo. Mjomba Abdi aliuza mbuzi miaka mingi, kisha akaona akili za vijana haziko kwa mbuzi. Bila kuacha mbuzi, akajenga kibanda cha mabati, akaweka televisheni, deki, na jenereta iliyokuwa ikikohoa kama mzee mwenye kifua, akaanza kuonyesha filamu za karate. Siku hizi nyinyi mnaangalia kwa simu, kila mtu na kona yake. Sisi tulibanana kwenye benchi, na mwigizaji akipigwa teke, benchi nzima inainama upande alikoangukia.

Majina ya wale waigizaji hatukuyajua. Maandishi yalipita mbio, tena kwa herufi ambazo hata mwalimu wa shule hangezisoma. Basi tukawapa majina yetu. Mmoja tulimwita Mkasi, kwa sababu aliruka akafungua miguu hewani na kupiga watu wawili kwa pamoja. Mwingine tulimwita Babu Suruali, kwa ile suruali yake pana iliyopiga kelele kama bendera kabla mguu haujafika. Na kulikuwa na mama mmoja mfupi, aliyesimama kwa mguu mmoja na kwa ule mwingine akamzaba adui shavu hili na hili kabla hajaushusha chini. Huyo tulimwita Mama Makofi, na mimi nilikuwa wa chama chake. Mpaka leo sijahama.

Ubishi wa nani ana teke bora ulianzia kibandani, ukaendelea hotelini, ukalala na watu na kuamka nao. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakinyimana salamu kwa sababu ya Mkasi, mtu ambaye hata hakujua kuna mahali panaitwa Kitengela.

Sasa huyu Lemayian alikuwa Mmasai wa upande wa Isinya, kijana mrefu, miguu kama ya twiga, aliyezoea kuruka kwenye ngoma za morani tangu utotoni. Alimletea mjomba mbuzi, akaonja filamu moja, akanogewa. Tukawa marafiki. Jioni tulijifunza kwenye boma la mbuzi, juu ya samadi kavu ambayo ni laini kushinda magodoro mengi niliyoyalalia baadaye. Yeye alipiga, mimi nilianguka. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Yeye alikuwa na miguu, mimi nilikuwa mdogo na mwepesi, basi.

Lakini kuanguka ni kazi, mwanangu. Mguu wa mwenzako unakuja karibu na jicho, na wewe hutakiwi hata kupepesa. Unageuza kichwa wakati ule ule unapopita, si mapema, si kwa kuchelewa. Unajipiga kifua kwa kiganja, paa, ili watu wasikie. Kisha unaruka kwa nguvu zako mwenyewe na kuanguka kwa bega, wala si kwa kiwiko. Teke lilikuwa lake, sauti ilikuwa yangu. Na yeye naye ilimbidi auzuie ule mguu upana wa kidole kutoka kwenye uso wangu. Sikuwahi kutoka damu hata tone.

Mjomba alipotuona, akatuweka mbele ya kibanda kila siku ya mnada ili tuvute watu. Tukavuta. Jina la Lemayian likapanda mpaka Kajiado mjini. Watoto wakawa wanamfuata wakirusha miguu, wasichana wa Isinya wakawa wanajua njia anayopitia. Mimi waliniita Yule Mwingine. Nilicheka nao, lakini mwanangu, si kila anayecheka amefurahi.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ikaja habari kwamba kutakuwa na siku ya michezo ya vijana kwenye uwanja wa Kajiado, na Lemayian ameombwa aonyeshe mateke mbele ya wageni. Nilifurahi, nikafua suruali yangu ya kuangukia. Siku mbili tatu kabla ya safari akaja, akasimama mlangoni bila kuingia, akaniambia ameamua kwenda na Karanja.

Karanja alikuwa kijana wa mwenye mashine ya kusaga unga, mtu mzuri sana, kifua kipana kama mlango.

"Usikasirike, Yusuf," Lemayian akaniambia. "Wewe uko mdogo. Watu wa Kajiado wakikuona ukianguka, watasema ni upepo umekusukuma."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana neno lile liliniuma zaidi. Nikamwambia hakuna shida, nikamtakia safari njema, nikaingia ndani na kukunja ile suruali. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini methali haimsaidii anayeachwa. Mbachao hausemi kitu, unakunjwa tu.

Siku yenyewe mjomba alinituma Kajiado na mbuzi wa mteja, kwa hivyo nikajikuta kule. Nilikabidhi mbuzi, na miguu ikanipeleka uwanjani yenyewe. Nikasimama nyuma ya kamba, kati ya watu. Upande wa pili niliona akina mama wa Isinya wamekaa na shanga zao, na katikati yao bibi yake Lemayian, ambaye sote tulimwita Koko, kwa maana huko kwao ndivyo bibi anavyoitwa. Alikuwa akimletea mama yangu maziwa. Alinijua tangu nikiwa na kamasi.

Lemayian akaingia, watu wakashangilia. Karanja akasimama mbele yake kama gogo. Lemayian akazunguka, akaruka, akatupa lile teke lake la juu ambalo nililijua kama ninavyojua mlango wa kwetu. Na Karanja, mwanangu, akafanya kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya akiona kiatu kinakuja usoni. Aliudaka ule mguu.

Akaushika kwa mikono miwili. Lemayian akabaki amesimama kwa mguu mmoja, anamnong'oneza auachilie. Karanja hakusikia kwa sababu ya kelele, na hakujua kama akiuachilia atapigwa tena. Basi akaanza kurudi nyuma polepole huku ameushikilia, na Lemayian akamfuata akirukaruka, hivyo hivyo, wakavuka nusu ya uwanja, kama mtu anayempeleka jogoo sokoni. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mwenye kipaza sauti alishindwa kusema.

Mimi nami nilicheka. Singekuwa binadamu kama singecheka. Kisha nikauona uso wa Lemayian. Niliuona uso wa kijana ambaye anajua kesho hatapita njiani, na kicheko kikanikauka.

Sikufikiri. Niliruka kamba, nikaingia uwanjani nikinguruma kama wale watu wabaya wa filamu wanaokuja kulipiza kisasi. Karanja alishtuka, akauachilia mguu. Lemayian akanitazama. Nikamwonyesha shavu la kushoto kwa jicho tu, vile tulivyozoea, na yeye akaelewa. Aliruka. Sijawahi kuona teke kama lile, si kwa Mkasi, si kwa Babu Suruali. Upepo wake ulinipiga sikio. Nikajipiga kifua, nikaruka, nikazunguka hewani na kuanguka kwa bega, vumbi likanifunika.

Uwanja ukalipuka. Watu walivunja kamba, wakambeba Lemayian mabegani. Karanja mwenyewe alikuwa wa kwanza kumwinua, akicheka, maana hana kinyongo yule. Nami nikakaa pale chini nikitema mchanga, kama kawaida.

Mwenye kipaza sauti akapata sauti yake, akaanza kuuliza watu ni nani mpiga teke bora Kajiado nzima. Wakamtaja Lemayian. Ndipo Koko akainuka. Alitembea taratibu, akapita karibu na mjukuu wake pale juu ya mabega bila kumtazama, akaja mpaka nilipo. Nikainuka haraka.

"Takwenya, Koko," nikamsalimu, nikainamisha kichwa.

"Iko," akaitika, akaniwekea mkono utosini kama anavyofanyiwa mtoto wa kwao. Kisha akamgeukia mwenye kipaza sauti, akasema kwa sauti ambayo haikuhitaji umeme:

"Mmeuliza nani ni bora. Ni huyu aliyeanguka. Kupiga hewa teke, hata ndama anajua. Lakini huyu ameweka uso wake kwa mguu wa mwenzake na hakufunga macho. Bila yeye, mjukuu wangu ni mtu anarukaruka tu. Si mmeona?"

Watu wakacheka, lakini kicheko kingine. Lemayian akashuka mabegani mwenyewe. Koko akamwambia, sasa kwa upole, kwamba mtu hamwachi nyumbani yule anayemshikia jina. Kijana akainamisha kichwa. Nikawa nimeanza kuvimba kwa raha, na yule bibi akanigeukia.

"Na wewe, Yusuf. Alipokuacha, ulimwambia imekuuma?"

Nikasema hapana.

"Basi angejuaje? Yeye ako na miguu, hana macho ya kuona ndani ya roho yako. Ukinyamaza na moyo umejaa, hiyo si heshima. Ni kumnyima ndugu yako nafasi ya kujirekebisha."

Maneno hayo yaliniingia kuliko mateke yote. Mficha uchi hazai, mwanangu. Tulirudi Kitengela tumekaa nyuma ya gari la ng'ombe, sisi watatu, Karanja akiwa katikati, nikamwambia Lemayian yote, hata lile neno la upepo. Naye akasema mnada unaokuja tutabadilishana, mimi nipige, yeye aanguke.

Tulifanya hivyo. Nilimpiga teke la Mama Makofi, shavu hili na hili, na yeye akaanguka vibaya ajabu, kwanza magoti, halafu kiuno, halafu vingine vikafuata, kama twiga anayetafuta mahali pa kulala. Watu walimwonea huruma. Aliinuka anachechemea, akaniuliza, "Hivi ndivyo umekuwa ukifanya siku zote?" Na tangu siku hiyo, kila alipopigiwa makofi, alinishika mkono na kuniinua kabla hajawainamia watu.

Kibanda cha mjomba kilibomolewa barabara ilipopanuliwa. Lemayian sasa anafuga ng'ombe wa maziwa huko Kimuka, nami bado niko na mbuzi wangu hapa. Watoto wetu wanaitana ndugu.

Sasa nikwambie ninachotaka ukishike. Siku watu watakapokupigia makofi, na inshallah watakupigia, geuka utazame ni nani yuko chini anapangusa vumbi, umnyooshee mkono wao wakiona. Na siku wewe ndiye utakuwa chini, usijifanye huumii. Mwambie mwenzako ukweli mapema, kwa adabu, maana chuki iliyofichwa huota meno. Kila mpiga teke anahitaji mtu wa kumwamini, na kila anayeanguka anahitaji mtu ambaye mguu wake unajua kujizuia.

Mungu akupe miguu yenye nguvu na moyo usiovimba. Akupe rafiki wa kukuinua, na wewe akufanye rafiki wa kuinua. Na ukianguka, mwanangu, akuangushe pahali laini.